Shingo Haijakaza: kisa cha mtoto mmoja wa Mukuru

Kijitabu cha kliniki cha mtoto huyu kimechakaa pembe zote, lakini mama yake amekitunza ndani ya bahasha ya kaki pamoja na nakala ya kitambulisho na risiti za hospitali. Ukurasa wa uzito umejaa nukta za kalamu ya buluu, kuanzia kilo 2.9 za siku ya kuzaliwa. Ukurasa wa chanjo una tarehe zote hadi miezi 9. Ukurasa wa hatua za ukuaji, ule unaouliza kama mtoto anatabasamu, anashika kichwa, anakaa, anasimama, anasema, haukuwa na alama hata moja. Nilikifungua mara ya kwanza Novemba 2023. Mtoto alikuwa na miaka 2 na miezi 7, amelazwa chali kwenye mkeka mbele yangu, kichwa kimeangukia upande wa kushoto, ngumi mbili zimefumbwa.

Mimi ni mtaalamu wa tibakazi katika kituo cha afya cha umma upande wa Embakasi, Nairobi. Kwa wasioifahamu kazi hii, ni kumsaidia mtu aweze kufanya mambo ya kila siku ambayo mwili au ubongo unamzuia: kula, kukaa, kucheza, kuvaa, kuoga. Mama ameniruhusu kuandika kisa hiki. Sitaji jina lake wala la mtoto, na hospitali na vituo alivyopitia sivitaji pia. Nia yangu ni kuonyesha njia ilivyokatika, mahali kwa mahali, kwa sababu kila ninapohudhuria kikao cha kupanua huduma za mapema kwa watoto wenye ulemavu wa ukuaji, mazungumzo huanzia kwenye jengo na mashine. Mtoto huyu hakukosa jengo. Alipita mbele ya wahudumu wa afya mara nyingi kabla ya kutimiza miaka 2, akapimwa uzito, akadungwa sindano, akarudishwa nyumbani.

Uchungu ulimshika mama usiku, Aprili 2021. Huo ulikuwa wakati wa kafyu. Nairobi na kaunti nyingine nne zilikuwa zimefungwa tangu mwisho wa Machi kwa sababu ya korona, na kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri barabara zilikuwa za askari. Mgonjwa angeweza kupita, lakini kule Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda wanakoishi, hawakupata dereva aliyekubali kubahatisha. Mumewe alizunguka nyumba kwa nyumba akimtafuta mwenye gari. Walitoka saa kumi ilipogonga. Leba ikaendelea hadi saa tano mchana, na mtoto alipotoka alikuwa mlegevu, rangi imebadilika, wala hakulia. Walimhangaikia, akapata pumzi. Siku ya tatu, akiwa nasari ya watoto wachanga, alipata degedege. Alikaa nasari siku 9.

Siku ya kuruhusiwa, mama alipewa karatasi yenye mwandiko wa daktari na kuambiwa arudi wiki ya 6 kwa chanjo. Karatasi hiyo ninayo. Imeandikwa wazi kwamba mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa na kwamba alipata degedege. Mambo hayo mawili yakikutana, mtoto huyo anapaswa kufuatiliwa ukuaji wake kila baada ya miezi michache, hata kama siku ya kuruhusiwa ananyonya vizuri. Ni sawa na aliyezaliwa njiti sana, aliyepata manjano kali, au aliyeugua homa ya uti wa mgongo akiwa mchanga. Nasari ndiyo inayowajua watoto hawa kwa majina. Hakuna mahali pengine Nairobi ambapo watoto walio hatarini wamekusanywa hivyo chini ya paa moja, na mlangoni wakitoka tunawatawanya bila hata tarehe ya kurudi.

Mama alienda wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kama ratiba inavyotaka. Katika ile ya 14 alimwambia muuguzi, "Sista, shingo yake haijakaza." Anayakumbuka maneno hayo kwa sababu alikuwa ameyafanyia mazoezi kwenye foleni, akiogopa kuonekana mjuaji. Jibu lilikuwa la upole: "Usijali mama, watoto hawafanani." Katika miezi 9, alipopeleka mtoto kudungwa sindano ya surua, alisema tena, safari hii kwamba hakai. Akaambiwa wavulana huchelewa.

Kwa muuguzi yule nina neno, na si la lawama. Asubuhi ya chanjo anaweza kuwa peke yake dirishani na foleni ya akina mama imefika langoni. Nilipomweleza kisa hiki muuguzi mwenzangu wa siku nyingi, alinitazama akasema, "Daktari, na nikimwona, nimpeleke wapi?" Swali hilo limenikaa moyoni kuliko ripoti yoyote niliyosoma. Mtu hawezi kuulizwa jambo kila siku na kila siku akakosa la kumwambia mzazi. Mwishowe huacha kulitafuta. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaotaka tuanze na kampeni ya kuwatambua watoto halafu huduma zifuate baadaye. Kumwambia mama mtoto wako ana tatizo, kisha ukamwonyesha mlango, ni kumbebesha mzigo na kumnyima kata.

Ni kweli watoto hawafanani. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vinaonyesha kwamba mtoto mwenye afya anaweza kukaa bila kushikwa akiwa na miezi 4 au akachelewa hadi 9, na kutembea peke yake kunaweza kuja mapema mwezi wa 8 au kungoja hadi mwezi wa 17. Nafasi ni pana. Lakini nafasi hiyo ina mwisho, na shingo ambayo haijakaza katika miezi 9 imeuvuka mwisho huo kwa mbali. Mama aliona kabla ya mtu mwingine yeyote. Katika kazi yangu yote sijawahi kujuta kwa kuuamini wasiwasi wa mzazi.

Mtoto alipofika miezi 14 walipata barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko ndiko neno lilikotajwa mara ya kwanza: mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa misuli na mwendo unaotokana na ubongo kuumia ukingali mchanga. Alipangiwa mazoezi ya viungo kila wiki. Alienda mara nne, akaacha. Katika faili, kando ya tarehe ya tano, mtu ameandika kwamba mgonjwa aliacha matibabu.

Hebu tupige hesabu ya mgonjwa huyo aliyeacha matibabu. Bodaboda hadi steji na kurudi ilikuwa shilingi 100, kwa sababu mtoto wa kilo 9 asiyeshika shingo habebeki mgongoni katikati ya matope na mitaro. Nauli ya matatu kwenda na kurudi, 200. Ada ya mazoezi, 300. Na siku hiyo hakufua nguo za watu Donholm na Tassia, kibarua kilichokuwa kikimpa 500. Jumla ni 1,100 kwa dakika 30 za mazoezi. Kwa mwezi ni 4,400. Chumba chao cha mabati kodi yake ilikuwa 3,000. Sijui ni mzazi gani angeendelea na wiki ya tano, na ningependa tufute neno hilo la kuacha katika mafaili yetu. Huduma ndiyo iliyokuwa mbali.

Kibarua chenyewe kikawa taabu. Kituo cha kulelea watoto kilichokuwa karibu, ambako wenzake wanaacha watoto kwa shilingi 70 kwa siku, kilimkataa baada ya siku mbili. Mwenye kituo alisema, na simlaumu, kwamba alimwogopa: mtoto anapaliwa na uji, anakauka mwili mzima, je akifia mikononi mwangu? Baba wa mtoto akaanza kukaa siku nyingi kwenye mijengo ya Kitengela, kisha akawa anatuma pesa tu, kisha hata hizo zikakoma. Shosho akaitwa kutoka Kitui. Aliacha shamba na mbuzi akaja kulala chumba kimoja na binti yake na mjukuu, na huyo shosho, nasema bila kuongeza chumvi, ndiye aliyemweka mtoto hai.

Kilichowafikisha kwangu ni mhudumu wa afya wa mtaa. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya laki moja nchini, wakapewa mkoba wenye mizani, kipimo cha presha, cha sukari na utepe wa kupima mkono wa mtoto, pamoja na simu ya kuandikisha kaya. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kaunti. Huyu wetu ni mama wa makamo anayeuza mboga jioni. Aliingia ploti ile kuandikisha watu na kumpima shosho presha. Ilikuwa juu. Alipouliza kinachomsumbua, shosho akanyoosha kidole pembeni mwa kitanda, alipolala mtoto ambaye hakuwa ametajwa katika hesabu ya watu wa nyumba. Jumanne iliyofuata walikuwa kwenye mkeka wangu. Fomu ya mhudumu haikumwagiza aulize lolote kuhusu ukuaji wa mtoto. Aliuliza kwa utu wake.

Nilianza na chakula. Nilimwomba mama amlishe kama wanavyomlisha nyumbani. Alimlaza mapajani, kichwa kikaning'inia nyuma ya kiwiko, akammiminia uji mwepesi kwa kijiko kikubwa. Mtoto akajikunja kama upinde, akakohoa, macho yakajaa machozi, uji ukatokea puani. "Kila siku ni hivi," shosho akasema. "Kikombe kimoja, saa nzima." Nikarudi kwenye bahasha ya kaki. Mtoto alikuwa amelazwa mara tatu kwa homa ya mapafu. Mara zote tatu alitibiwa vizuri akarudishwa nyumbani, na hakuna aliyeuliza analishwaje. Uji ulikuwa ukiingia kifuani.

Tulimkalisha wima mapajani mwa mama, nyonga zimekunjwa, nyayo zimekanyaga kigoda. Mkono mmoja nyuma ya shingo, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani, maana kichwa kikienda nyuma njia ya hewa hubaki wazi na uji hufuata njia hiyo. Tuliongeza unga, uji ukawa mzito wa kushika kijiko. Tukachukua kijiko kidogo cha chai, nusu tu, tukakikandamiza katikati ya ulimi, tukakitoa, tukangoja. Kungoja ndiko kugumu. Mama mwenye njaa ya usingizi na kibarua kinamsubiri hutaka kuongeza kijiko cha pili kabla cha kwanza hakijamezwa. Nilimwambia ahesabu kimoyomoyo na aitazame koo ya mtoto. Koo ikapanda, ikashuka. Kijiko cha pili. Cha tatu. Hakukohoa. Shosho alisogea, akapiga magoti kwenye saruji, akaangalia koo hiyo ikipanda na kushuka mpaka bakuli likaisha. Zilikuwa dakika 20. Hakusema neno, akavua leso yake akampangusa mtoto mdomo.

Sikutumia chombo chochote ambacho hakimo nyumbani kwao.

Baadaye tulimtengenezea kiti. Vya dukani bei yake ni ndoto kwa familia hizi, kwa hiyo tunatumia maboksi. Unapika gundi kwa unga wa ngano, nyepesi kama uji wa mgonjwa, unapaka tabaka la kadibodi, unabandika jingine, na jingine, unakandamiza kwa mawe usiku kucha, unaanika juani siku kadhaa hadi likauke likawa gumu kama mbao. Tulimpima mtoto kwa utepe wa fundi cherehani: urefu wa paja, upana wa nyonga, kina cha mgongo. Kiti kikakatwa chenye pembe ya kumshika mabega, kipande cha kutenganisha magoti, na meza mbele. Siku ya kwanza kukikalia, kichwa chake kilisimama kwa sekunde chache kikaanguka. Akakiinua tena. Aliona kilichokuwa juu ya meza, kikombe chekundu cha plastiki, akakitazama, akatutazama, akacheka. Mama aliniuliza kama kweli anaelewa. Miaka 2 na miezi 7 mtoto huyu alikuwa ameona paa tu.

Kulikuwa na jambo jingine. Kuanguka kwa kichwa ghafla na kushtukashtuka kwa mikono, ambako nyumbani walikuita kuota vibaya, kulikuwa kifafa. Afisa wa kliniki alimwanzishia dawa, ile ya bei nafuu ambayo mara nyingi ipo hata kituoni kwetu. Baada ya wiki chache akawa macho zaidi mchana. Ubongo unaopigwa na kifafa mara kadhaa kwa siku hauna nafasi ya kujifunza, na mazoezi yangu yote yangekuwa kazi bure bila vidonge hivyo.

Nimesema njia ilikatika mahali kwa mahali. Nyingine nimekwisha kuzitaja. Iliyo kubwa kuliko zote ni hii.

Kwa Katiba ya 2010, vituo vya afya ni kazi ya kaunti. Elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto pia ni vya kaunti. Lakini vituo vya kupima na kushauri watoto wenye mahitaji maalumu, vile ambavyo wazazi wanaviita asesmenti, viko chini ya Wizara ya Elimu tangu vilipoanzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Taasisi ya Elimu Maalumu iliyoko Kasarani, iliyofunguliwa mwaka 1986, nayo ni ya wizara hiyo. Hivi ni vituo vyenye watu wanaojua kazi, na vingine hupokea watoto wadogo sana. Ila mzazi huvisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwalimu, yaani mtoto anapofikia miaka 4 na kutafutiwa nafasi ya PP1, darasa la kwanza la chekechea. Kliniki nayo humwachilia mtoto akimaliza chanjo ya miezi 18, na wengi huacha kuja baada ya ile ya miezi 9. Kati ya hapo na miaka 4 mtoto hana mwenyewe. Afya inaingoja shule, shule haijui kama yupo. Hicho ndicho kipindi ambacho ubongo unakua kwa kasi, nyonga zinajijenga, na misuli isiyonyooshwa inakakamaa.

Hata serikali inapohesabu watu, humruka. Sensa ya 2019 ilitoa asilimia 2.2 ya Wakenya kuwa na ulemavu, takriban watu laki tisa. Takwimu hiyo inahusu wenye umri wa miaka 5 na kuendelea. Walio chini ya hapo hawamo. Nairobi ilihesabiwa watu 4,397,073, na ukimwuliza mpangaji wa bajeti ni watoto wangapi wachanga wenye mtindio wa ubongo, usonji, uziwi au ulemavu wa akili, hana namba rasmi ya kukupa. Duniani, watafiti walikadiria kwamba mwaka 2016 watoto wapatao milioni 53 wa chini ya miaka 5 walikuwa na ulemavu wa ukuaji, na 95 kati ya kila 100 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mjukuu wa shosho yumo katika hesabu ya dunia na hayumo katika hesabu ya nyumbani.

Marekani walitunga sheria mwaka 1986 kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 3, na kanuni zake zinatoa siku 45, kutoka siku mtoto anaporipotiwa hadi kikao cha kwanza cha kupanga huduma pamoja na familia. Hatuna fedha zao, na hata kwao siku hizo huvunjwa. Nimeitaja kwa sababu moja tu: wao wana saa inayoanza kuhesabu. Tangu mama aseme shingo haijakaza hadi mtoto alale kwenye mkeka wangu ilipita miezi 28, na hakuna ofisi ambayo ilikuwa inahesabu.

Tulichofanya mwaka 2024 katika eneo letu kilikuwa kidogo, kwa makusudi. Dirisha la chanjo liliongezewa maswali manne, yameandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye kadibodi. Anakufuata kwa macho? Anageuka akisikia sauti? Mwili wake unafanya yanayolingana na miezi yake? Kuna jambo lolote juu ya mtoto huyu linalokutia wasiwasi? Muuguzi akipata jibu la kutilia shaka, humpa mama kikaratasi cha rangi ya njano chenye siku na chumba. Jumanne, chumba namba sita, hapo hapo kituoni. Si barua ya kwenda mjini. Kikaratasi hicho ndicho jibu langu kwa yule muuguzi aliyeniuliza ampeleke wapi. Foleni ya Jumanne ilikua hadi tukaomba siku ya pili, na siku hiyo ya pili huwa kwenye ukumbi wa kanisa, karibu na ploti, kwa kundi. Akina mama hujifunza pamoja kulisha, kukalisha, kuinua mtoto bila kuumia mgongo. Wanafundishana mengi ambayo mimi sikuyajua, kama kutumia beseni la kufulia lililosukumiwa nguo pembeni kuwa kiti.

Tulimwendea pia yule mwenye kituo cha kulelea watoto. Nairobi ina sheria ya vituo hivi tangu 2017, ila mkaguzi peke yake hampi mtu ujasiri. Tulimfundisha kumlisha mtoto huyu mmoja. Alikuja Jumanne mbili, akashika kijiko mwenyewe, akahesabu. Jumatatu iliyofuata alimpokea. Mama akarudi kufua. Nikiambiwa nichague hatua moja tu ya kupanua katika mji huu, nitachagua hiyo: kuwafundisha wanawake wanaolea watoto wa wengine katika vyumba vya mabati. Wao wanakaa na mtoto saa kumi kwa siku. Mimi ninakaa naye nusu saa.

Si yote yaliyofaulu. Swali la nne lilipuuzwa mara nyingi, na ndilo bora. Kina baba hawakuja. Kundi la kanisani lilipungua kila mwisho wa mwezi, kodi inapodaiwa. Mtaalamu wa matamshi hatukumpata kabisa. Ni wachache mno nchini, na wengi wako hospitali za kulipia. Mwenzangu wa fiziotherapia alihamishwa na nafasi yake ikakaa wazi miezi mingi.

Kisha mvua. Mwisho wa Aprili 2024 mafuriko yaliingia Mukuru usiku. Shosho alimbeba mtoto kichwani mwake akapita kwenye maji ya kiunoni. Kiti cha kadibodi kiliyeyuka kikarudi kuwa uji wa karatasi. Mwezi uliofuata nyumba za kando ya mto zikabomolewa, na familia ikahama bila kuaga kuelekea upande mwingine wa reli. Kwa wiki saba sikujua walipo. Katika kituo kingine faili lake lingeandikwa kwamba ameacha matibabu. Yule muuza mboga ndiye aliyewapata, kwa kuulizia kwa wenzake wa mtaa wa pili kama wamemwona shosho Mkamba mwenye mjukuu asiyetembea. Dawa za kifafa zilikuwa zimekwisha siku 20 zilizopita na mtoto alikuwa amerudi nyuma. Tulianza upya, kiti tukakipaka vanishi safari hii.

Kuna methali inayopendwa sana katika warsha zetu, ile ya samaki kukunjwa angali mbichi. Ninaomba tuitumie kwa uangalifu mbele ya wazazi. Nimemwona mama wa mtoto wa miaka 6 akiinamisha uso aliposikia hivyo, kana kwamba wake amekwishakauka. Mapema ni bora, na nimetumia kurasa hizi zote kusema hivyo, lakini mtoto huyu alianza akiwa na miaka 2 na miezi 7 na bado aliinua kichwa.

Aprili 2025 alitimiza miaka 4. Hatembei, na kwa nilivyoona nyonga zake huenda asitembee peke yake. Anakaa kwenye kiti saa nzima. Anakula chakula cha nyumbani kilichopondwa, na tangu tuanze hajalazwa tena kwa homa ya mapafu ila mara moja, baada ya mafuriko. Ukimshikia picha mbili, kikombe na mpira, anachagua kwa macho, na ukimpa asichokitaka anafumba macho kwa hasira. Nyonga zake zilipigwa picha kwa mara ya kwanza mwaka huo. Moja imeanza kutoka mahali pake, jambo ambalo pengine lingedhibitiwa kama lingeonekana mapema. Fomu ya tathmini ya ulemavu imejazwa ili aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Fedha za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye ulemavu mkubwa, familia bado inazisubiri.

Asesmenti ilimpendekeza kwa kitengo maalumu katika shule ya msingi ya umma. Mama alienda kuiona. Mwalimu ni mchangamfu, alimshika mtoto mkono na kumwita kwa jina lake. Darasa lina ngazi tatu mlangoni, na hakuna msaidizi wa kulisha. Tumekubaliana kwamba wiki ya kwanza ya muhula shosho ataenda naye, na mimi nitapita Alhamisi kumwonyesha mwalimu jinsi ya kushika kidevu. Fundi wa mtaani amepima zile ngazi. Mbao na misumari vitagharimu shilingi 3,800, na akina mama wa kundi la kanisani wameshachanga 2,150.